Neno la mtumiaji lifike mezani likiwa zima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo kwa wasomaji wengi litaonekana kuwa la mafundi wachache, ingawa matokeo yake tunayashika mkononi kila siku, nalo ni namna zinavyoongozwa timu zinazosanifu huduma za simu na za tovuti. Nimeifanya kazi hii hapa Dar es Salaam kwa miaka kadhaa, na sasa naongoza timu ya watu saba. Maofisini inaitwa usanifu wa uzoefu wa mtumiaji, yaani kupanga mtu anayetumia huduma aone nini kwanza, asome maneno gani, abonyeze wapi, na akikosea arudi vipi bila kupoteza fedha wala heshima yake. Wengi, wakiwamo baadhi ya wanaotuajiri, hudhani ni kazi ya kuchagua rangi na kupamba vitufe.

Hoja yangu ni moja. Kiongozi wa timu ya namna hii hahitajiki sana awe mchoraji hodari kuliko wenzake, wala mwenye kugonga muhuri kwenye kila mchoro. Anahitajika ahakikishe kwamba neno la mtumiaji, hata likiwa chungu, linatoka sokoni, linapita mikononi mwa watu wa timu, na kufika kwenye meza ya maamuzi likiwa zima. Katika ofisi nyingi neno hilo linafia njiani, na mara nyingi anayeliua ni kiongozi mwenyewe bila kujua. Nasema hivyo kwa sababu na mimi nimeliua.

Tulikuwa tukitengeneza huduma ya kukata tiketi za mabasi ya mikoani kwa simu. Kurasa zote ziliandikwa kwanza kwa Kiingereza, kisha zikapelekwa kwa mfasiri ambaye hakuonyeshwa skrini hata moja, bali alitumiwa maneno yaliyopangwa kwenye jedwali. Muda wa basi la alfajiri, ambao kwa Kiingereza ulikuwa umeandikwa 6:00, ukarudi kwetu ukisomeka “saa 6:00 asubuhi”. Kila anayezungumza Kiswahili anajua kwamba alfajiri ile ni saa kumi na mbili, na kwamba saa sita ni jua la utosi. Hata hivyo tulikaa na kurasa zile wiki nzima bila mmoja wetu kushtuka, kwa kuwa macho yetu yalikuwa yakisoma Kiswahili huku akili zikihesabu kwa Kiingereza. Mimi nilizisifu kikaoni, nikatangaza kwamba zimekamilika.

Siku chache baadaye msanifu mdogo kuliko wote katika timu alikwenda Kituo cha Mabasi cha Magufuli, pale Mbezi Luis, kuijaribu huduma pamoja na abiria. Mzee mmoja aliyekuwa akisafiri kwenda Singida aliitazama skrini kwa muda, akamwuliza, “Mwanangu, hii saa sita asubuhi ndiyo saa ngapi?” Binti yule aliliandika swali lile kwenye daftari lake, akarudi ofisini, na hakulisema. Nililijua baada ya wiki mbili, tena kwa bahati, nilipoazima daftari hilo kutafuta jambo jingine. Nilipomwuliza kwa nini alinyamaza, alijibu kwa adabu, “Bosi, ulishasema ukurasa ule umekamilika.”

Kosa la saa tulilirekebisha kabla ya chakula cha mchana. Lile lililomfanya binti anyamaze limenichukua muda mrefu zaidi, na sidhani kama nimelimaliza. Niligundua kwamba tulikuwa tukienda kwa watumiaji kama ada, tukipiga picha, tukirudi na daftari zimejaa, halafu katika kikao nasema mimi kwanza. Baada ya mkubwa kusema, mdogo anabaki na nafasi gani? Siku hizi nasema mwisho. Kikao kinaanza kwa aliyetoka kwa watumiaji kusoma maneno yao kama yalivyotamkwa, kabla ya mchoro wowote kufunguliwa, na hakuna ukurasa unaokamilika kwa kauli yangu; unakamilika pale watu waliokusudiwa watakapoutumia mpaka mwisho bila mmoja wetu kunyoosha kidole kuwaonyesha pa kubonyeza. Nauli ya kwenda sokoni inalipwa kabla ya safari, maana niliona aibu kugundua kwamba vijana walikuwa wakitoa fedha zao mfukoni na kusubiri kurudishiwa mwezi unaofuata, na wengine kwa sababu hiyo walikuwa wakiwahoji jirani zao wa Sinza na kuandika kwamba wamewahoji wafanyabiashara wa Mbagala. Kiongozi anayehubiri kumjali mtumiaji huku akiwatumia watu wake ujumbe wa kazi saa sita usiku (na hapo hakuna utata wa saa) anafundisha jambo jingine kabisa, nao wanalielewa.

Mfano mkubwa wa kiongozi aliyesikiliza mpaka akaacha alichokuja nacho uko jirani tu. Oktoba 2005, kampuni za simu za Safaricom ya Kenya na Vodafone ya Uingereza, wakishirikiana na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu Kenya na benki ya Commercial Bank of Africa, walianza majaribio ya M-Pesa Nairobi na Thika, wakiwa na mawakala 8 na wateja wasiofika 500. Sehemu ya fedha za mradi ilitoka serikali ya Uingereza. Wasomaji wengi watashangaa kusikia kwamba shabaha haikuwa watu kutumiana pesa; shabaha ilikuwa mkopaji wa kikundi aweze kurejesha mkopo wake kwa simu badala ya kubeba noti hadi kwenye kikao. Wazo lilikuwa la Nick Hughes wa Vodafone, na Susie Lonie, aliyepewa kazi ya kuliendesha, hakukaa Uingereza akisubiri ripoti, bali alihamia Kenya akawa karibu na mawakala na wateja wenyewe.

Kwa kuwa wakubwa wa mradi walikuwa karibu, waliyaona mambo ambayo kwenye ripoti yangeitwa matumizi yasiyo sahihi. Mteja anaweka pesa kwa wakala kabla ya kusafiri, anasafiri mikono mitupu, na kuzitoa akifika, ili wezi wa njiani wasimkute nazo. Mwingine anamnunulia ndugu yake wa kijijini muda wa maongezi. Mwenye duka anaweka mauzo ya siku kwenye simu yapate pa kulala. Watu wanalipana wao kwa wao kwa mambo ambayo hayahusiani na mkopo wowote. Wakati huohuo lile lililokusudiwa lilikuwa likiyumba: malipo ya simu hayakuingia kirahisi katika vitabu vya Faulu, na wanachama waliokwisha kulipa kwa simu hawakuona tena sababu ya kuhudhuria vikao vya kikundi, ambavyo ndivyo vilivyokuwa uti wa mgongo wa mkopo wenyewe. Mkuu wa aina tuliyoizoea angeagiza elimu itolewe kwa wananchi. Wale waliweka urejeshaji wa mikopo kando, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 ilikuwa na ujumbe mmoja wa kumtaka mtu atume pesa nyumbani. Vodacom iliileta Tanzania mwaka uliofuata.

Sisemi kwamba kila sikio lilibaki wazi baada ya hapo. Huko Kenya huduma ya Hakikisha, inayomwonyesha mtumaji jina la mpokeaji kabla pesa haijaondoka, ilikuja mwaka 2015, na miaka minane ni mingi kwa kilio cha pesa kwenda namba ya mtu mwingine, ambacho wakala yeyote hukisikia dirishani kwake. Hata jina lenyewe likionekana, kazi haijaisha. Hapa kwetu hakuna asiyejua ule ujumbe wa kitapeli, “Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja fulani.” Nikiwa peke yangu huwa nakiri kwamba matapeli wetu wanawafahamu watumiaji kuliko sisi wasanifu. Walijua kwamba saa yoyote ya mchana kuna Watanzania wengi ambao kweli wana hela ya kumtumia mtu. Walijua pia kwamba laini nyingi zinatumika na watu ambao si waliozisajili, kwa hiyo jina geni halimshtui mtumaji ikiwa ametahadharishwa mapema. Kwa sentensi moja waliupita ukurasa wa uthibitisho ambao wasanifu waliuona kuwa ngome. Maarifa hayo hayakupatikana kwenye chumba chenye kiyoyozi.

Jambo jingine linalonikera ni jinsi tunavyomzungumzia mtumiaji kana kwamba ni mtu mmoja, ameketi, ana nafasi, na simu ni yake. Mama lishe wa Buguruni anayeomba mkopo mdogo kwa simu ya kitochi ana mkono mmoja wenye unga, jua linamulika kioo, na anatakiwa aingize namba ya NIDA yenye tarakimu 20, anayoisoma kwenye kipande cha karatasi ambako vistari vinaikata katika mafungu manne. Menyu haina mafungu hayo. Akifika tarakimu ya kumi na tano mteja anamwita, akirudi menyu imekatika, anaanza upya. Mara ya tatu anamkabidhi simu mwanawe wa darasa la sita, au anampa wakala pamoja na namba ya siri. Nimekaa kwenye vikao ambako tabia hiyo ya kutoa namba ya siri inatajwa kuwa ujinga, na suluhisho linalopendekezwa ni tangazo la redio. Anayeongoza timu angeuliza kwanza kwa nini anaitoa, na jibu lingekuwa kwamba huduma haimsubiri amalize kusoma. Hilo ni kosa letu, linarekebishika na fundi, na halihitaji redio. Ila ili jibu hilo lipatikane, mtu wa timu lazima awe amesimama kwenye kibanda kile muda wa kutosha kuona mara ya tatu.

Najua nitaambiwa kwamba hakuna bajeti. Mwaka 1993 watafiti Jakob Nielsen na Thomas Landauer walionyesha kwa hesabu jinsi matatizo yanavyojitokeza kadiri watumiaji wanavyoongezeka katika jaribio, na mwaka 2000 Nielsen akaandika kwamba watu 5 tu kwa kawaida wanatosha kufichua takriban asilimia 85 ya matatizo ya utumiaji, akashauri turekebishe kisha tujaribu tena na wengine 5, badala ya kuteketeza fedha zote kwenye jaribio moja kubwa. Watu watano ni nauli, soda, na asubuhi moja. Lazima niongeze, kwa kuwa hesabu hii hutumiwa vibaya, kwamba watano wa aina moja hawawasemei wengine: ukiwajaribu vijana watano wa chuo pale Mlimani umejifunza habari za vijana wa chuo, na mkulima wa Sumbawanga bado hujamwona. Lakini hata hao watano wengi wetu hatuwatafuti.

Idara ya huduma za kidijitali ya serikali ya Uingereza, iliyoundwa mwaka 2011 na kuzindua tovuti moja ya serikali, GOV.UK, Oktoba 2012, ilichukua kanuni aliyoipendekeza mtaalamu wa Marekani, Jared Spool, kwamba kila mwana timu awaangalie watumiaji halisi kwa angalau saa mbili katika kila wiki sita. Maneno ya kuzingatia ni “kila mwana timu”. Si mtafiti peke yake, ambaye kwetu hutumwa kama tarishi. Ni pamoja na mwandika programu, mwanasheria, na yule anayetia saini malipo. Nimeijaribu kanuni hiyo kwa mhandisi wetu mmoja aliyekuwa akibishana nasi miezi miwili kuhusu urefu wa fomu ya usajili. Alikaa saa moja na nusu kwenye duka la rejareja Tandika, akimtazama mwenye duka akijaza fomu ile kwa kidole kimoja huku akiuza mafuta ya kupima. Tuliporudi ofisini alifuta sehemu tano kabla hata sijavua viatu, na mjadala ukafa. Mimi kwa ufasaha wangu wote nisingelipata hilo.

Pale Uingereza pia walifanya uandishi wa maneno kuwa sehemu ya usanifu, waandishi wakiketi meza moja na wachoraji tangu siku ya kwanza. Kwetu ambao huduma nyingi zinazaliwa kwa Kiingereza, jambo hili lina uzito mara mbili, na ile saa sita ya asubuhi ni ushahidi wangu. Mfasiri akipewa neno moja lisilo na ukurasa atachagua kwa kamusi, nasi tutapata “wasilisha”, “ghairi” na “batilisha” kwenye menyu moja, maneno fasaha kabisa ambayo mtu mwenye haraka hawezi kuyatofautisha. Hatumpi nafasi ya kusikia kwamba mtu wa sokoni anasema “tuma”, “acha” na “rudi”. Katika huduma za fedha kuna usemi ambao hakuna kamusi iliyotupa, nao ni “na ya kutolea”. Mtu anaposema “nitumie elfu ishirini na ya kutolea” ameeleza kwa maneno sita makato, hesabu, na heshima ya anayepokea. Mwandishi wa Kiswahili anayekaa kwenye timu angeupeleka usemi huo kwenye kitufe siku ya kwanza. Ningependa viongozi wa timu wamwajiri mtu huyo kabla ya kumwajiri mchoraji wa nne.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni mapenzi ya mtu binafsi. Sivyo, kwa kuwa Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa kiwango cha usanifu unaomtanguliza mtu tangu mwaka 1999, na kinachotumika sasa, ISO 9241-210, kilichotoka 2010 na kutolewa upya 2019, kinataka watumiaji washirikishwe tangu mwanzo hadi mwisho wa kazi, na timu iwe na watu wa ujuzi mbalimbali. Ni kiwango kama vile vya saruji na nyaya za umeme, ila hiki hakuna mkaguzi anayekiulizia.

Na tukienda kwa watu, twende kwa adabu. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, nayo haiwasamehe wasanifu. Anayerekodiwa aombwe ridhaa kwa lugha anayoielewa, aelezwe kwamba inayojaribiwa ni huduma na si akili yake, na alipwe muda wake, maana mama lishe akikaa nami nusu saa sufuria halimsubiri.

Kwa hiyo ninayo maombi mawili kwa wanaoajiri na wanaotoa zabuni. Matangazo ya kazi ya mkuu wa usanifu ninayoyasoma hutaja programu za kuchorea saba au nane, na sijaona hata moja linalouliza mwombaji mara ya mwisho alikaa lini na mtumiaji, alisikia nini, na baada ya kusikia aliacha wazo gani alilokuwa akilipenda. Swali hilo liulizwe kwenye usaili, na anayekosa jibu la sehemu ya mwisho asiongoze watu. Pili, taasisi za umma zinaponunua mfumo wa kidijitali, mkataba uweke sharti kwamba awamu ya mwisho ya malipo haitolewi mpaka wananchi wa kawaida, waliochaguliwa nje ya ofisi ya mkandarasi, wautumie kuanzia mwanzo hadi mwisho bila msaada, na kiongozi wa timu ya mkandarasi awepo pale pale, amesimama nyuma, amenyamaza. Nimesimama hivyo mara kadhaa. Dakika kumi za mwanzo ni ngumu sana kwa mtu aliyezoea kusema kwanza.

Wako katika kazi,
Msanifu na msomaji wako,
Kinondoni, Dar es Salaam